Kilichouua Mfumo

Kompyuta inayoendesha pampu za maji ya mji iliganda asubuhi, vilevile kama siku ile kaka yangu alipofukuzwa kazi hapahapa.

“Chomoa waya, dada, uchomeke tena,” bosi alisema. “Hiyo si maiti ya kukeshewa!”

Siku ile bosi alichomoa mwenyewe. Ushahidi ukafutika, na kaka akafanywa jalala la lawama. Aliondoka na begi moja. Mwaka wa sita huu, hata salamu hajatuma.

Mimi sisahau. Nilijifundisha mwenyewe kazi yake, nikatenga kipande cha kumbukumbu ndani ya kiini cha mfumo, ili mfumo ukifa uandike humo kilichouua. Ukiuwasha upya kwa kitufe, maandishi hubaki. Umeme ukikatika, kwisha habari.

Bosi akashika plagi. Nikamkamata kifundo cha mkono. Mshipa wake ulidunda chini ya kidole changu.

“Nipishe, bosi.”

Nikabonyeza kitufe. Mstari wa kwanza ulitaja muuaji: programu aliyoiandika bosi mwenyewe, kabla kaka hajaajiriwa.

Nikaupiga picha, nikaituma kwa namba ya kaka. Ikatokea tiki moja ya kijivu: imetumwa, haijamfikia. Nikaikodolea macho, nikiomba ya pili.