Mikono Miwili

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakalia madirisha. Juzi tu Sefania alikuwa akibeba magunia ya chumvi sokoni, na leo, hata ndevu hazijamkaa sawa, amemwangusha Magoma, yule bingwa wa mieleka ambaye akina mama walimtaja kuwatisha watoto wanaogoma kula.

Desturi ya mji ule ni kwamba aliyeshindwa ndiye anayemfunga mshindi mkanda. Magoma akapiga magoti, akahangaika na kifungo cha shaba. Vidole vilimtetemeka, kifungo kikamponyoka tena na tena.

"Mzee, hata kufunga mkanda umesahau?" Sefania akamtania. Watu wa mbele wakacheka.

Magoma hakukasirika. "Mimi ilianza na mkono wa kushoto, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Ganzi tu, kama vile umeulalia. Nikanyamaza, maana ndio kwanza jina langu lilikuwa linapanda. Wewe bado?"

"Bado," Sefania alijibu, upesi mno.

Kifungo kikaingia. Magoma akamtazama kidogo, kisha akainamisha uso.

Sasa watu wakadai haki yao, maana pale mtu hawi bingwa mpaka ainue mikono yote miwili. Sefania akainua wa kulia. Ukumbi ukatikisika.

"Na mwenzake, bingwa, usitubanie!"

Akatabasamu kwa meno yote, mkono wa kushoto ukining'inia pajani kama wa mtu mwingine. Kwenye kiti cha mbele mama yake alikuwa ameshainua yake miwili juu, akimwonyesha.