Sindano Zisizo na Tundu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, nakiri. Nilikuwa nimetupa sindano ya tatu chini ya cherehani, nikilaani viwanda vinavyotengeneza sindano zisizo na tundu.

Binti yetu, anayesomea saikolojia, alicheka. "Baba, akili ikiogopa ukweli hutafuta wa kumlaumu. Jana ilikuwa taa."

"Ukweli gani?"

Akanionyesha koti jeusi la bwana harusi, ambaye alikuwa njiani kulichukua. Vifungo vyote nilikuwa nimevishona kwa uzi wa buluu.

Mke wangu alilichukua. Wembe wake ulikata uzi tu, kitambaa haukukigusa. Kisha akatunga uzi mweusi kwenye sindano nane, akazichomeka kwenye kimto changu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila asubuhi nilizikuta tayari, nami nikidhani nilizitunga mwenyewe jana yake.

Akanisogezea miwani mpya.

"Ya nini, mama watoto? Macho yangu mazima! Uso wako nauona vilevile kama siku niliyokuoa, hauna hata kunyanzi moja."

"Ndiyo maana nilichelewa kuinunua."