Kidonge cha Majani ya Chai

Chizuru aliposimama kwenye mkutano wa wakulima wa chai, kijijini juu ya mji wa Uji, Japani, kipaza sauti kiligonga meno yake na ukumbi mzima ukasikia.

Mwenyekiti, baba mkwe wake, akacheka. “Mkwe wangu ana wasiwasi. Kila usiku anameza vidonge vya kutuliza moyo, eti vimetokana na majani ya chai. Keti, mwanangu, ukameze kingine.”

Watu wakaangua kicheko.

“Nimeshameza, baba. Vinanisaidia kulala. Kutetemeka bado natetemeka, na nitasema hivyo hivyo. Chai unayouza kwa niaba yetu kama ya mavuno mapya umeichanganya na ya mwaka jana. Nimeona ghalani kwa macho yangu.”

Kicheko kikakatika.

Mzee akainama, akachomoa waya. Chizuru akakiweka kipaza sauti mezani, akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi.