Mwanao Amekutumia

"Nikilipa kama mteja, mama, programu ya malipo itatukata ada sote wawili," alisema Shomari, fundi nguo aliyeliona mtandaoni tangazo la Bi Mgeni la kuuza cherehani. "Nikituma kama ndugu, hawakati hata senti. Ila cherehani ikiharibika kesho, sina pa kulalamika."

"Haiharibiki hiyo. Nitaanza kuharibika mimi."

Shomari akacheka. Programu ikamuuliza uhusiano wao, akabonyeza kitufe cha kwanza alichokiona, akatuma elfu moja ya kujaribu. Simu ya Bi Mgeni ikalia. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole: "Mwanao amekutumia pesa."

Akasoma tena, safari hii kimya. Simu hiyo alinunuliwa na mwanawe Hemedi, siku kijana huyo alipoondoka nyumbani. Kwa miaka saba ilikuwa imeleta matangazo ya bahati nasibu tu.

"Imefika, eh? Sasa natuma iliyobaki."

"Usitume!" Bi Mgeni akaifunika cherehani kwa kanga, akamsogezea. "Nenda nayo. Iliyobaki utanitumia kidogo kidogo, kila Ijumaa. Si umesema hawakati?"

"Hawakati. Lakini mama, mbona hata hunijui?"

"Nisikujue vipi, na imeandikwa hapa?"

Ijumaa ilipofika, mezani palipokuwa na cherehani palikuwa pamebaki mstatili usio na vumbi. Bi Mgeni akailaza simu katikati yake, akavuta kiti, akakaa, miwani tayari usoni.