Vidonge vya Kezia

Asubuhi tuliyompoteza dada yangu Kezia, nilimpokonya vidonge mkononi.

"Kanisa zima la Kagerankanda limefunga kwa ajili ya upasuaji wako, nawe unywe maji?"

Akacheka. "Haya, mchungaji wangu."

Vidonge hivyo alikuwa akivimeza kila siku tangu alipojifungua akatokwa damu nyingi, tezi iliyo chini ya ubongo ikafa, mwili ukakosa homoni za kushikilia presha.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi aliniuliza, "Vidonge vyake amemeza? Kama bado, tunasubiri kesho, presha isije ikaporomoka."

Vilikuwa kiganjani mwangu, viwili, vimeanza kuyeyuka kwa jasho. Nikawafikiria wale waliofunga.

"Amemeza," nikasema.

Kezia alinitazama, akaingia.

Sasa mtoto wake ananiita mama, nami naitika.