Kuku Aliyerudishwa

Bi Chausiku alifika ofisi ya maji na kuku kapuni, maana mjini hapo hakuna aliyewahi kwenda mikono mitupu akavutiwa maji nyumbani.

Afisa mpya alimsikiliza, akagonga muhuri, kisha akamrudishia kapu. "Kawapikie wajukuu, bibi. Maji ni haki yako."

"Kwani kuku wangu ana nini?"

"Hana kitu. Mafundi watakuja kesho."

Na kweli wakaja, wakafunga bomba, hata chai hawakuomba. Maji yakamwagika ndooni, maangavu. Wajukuu wakakimbilia na vikombe.

"Mkome!" Bi Chausiku akawafokea. "Tangu lini serikali ikatoa kitu hivihivi?"

Akachota bakuli moja, akamwekea kuku. Kuku akanywa, akainua shingo, akafumba macho. Uani wote wakatulia, wakimkodolea.