Nyasi za Paa

Shemeji alikuwa ameshalegeza fundo la kamba kwenye mlango wa zizi, ndipo mjane akamshika mkono.

"Niache. Ndama siku ya tatu hawajatia kitu tumboni, na mtama umechipua ule pale. Majani ya bure nayo unayaogopa?"

"Nayaogopa, shemeji. Mtama ukichipua baada ya ukame una sumu mpaka ufike kiunoni. Mwenzao Doa alichomoka zizini asubuhi, akatafuna kidogo tu."

Hakuwa na haja ya kumalizia. Doa alikuwa amelala uani, miguu imekakamaa, majani mabichi yamemganda menoni.

"Basi hawa watatu wafe na njaa, ufurahi?"

Ndama walikuwa wamepenyeza vichwa kati ya mafito kuelekea mtamani. Mdogo wao alikuwa anaitafuna kamba yenyewe.

Nyasi kavu hazikuwepo, si mlimani si bondeni. Zilibaki mahali pamoja tu. Mjane akaegemeza ngazi ukutani, akapanda, akang'oa konzi ya kwanza kwenye paa la nyumba yake. Masizi yakamwingia machoni. Nyuma ya kilima mvua ilikuwa inanguruma.

"Umerukwa na akili," shemeji akasema, huku akilifunga fundo upya.

Ndani, mama mkwe, ambaye hajainuka kitandani tangu mwaka jana, aliona mwanga ukipenya.

"Ni za ndama hizo?"

"Ndiyo, mama."

"Hizo za jikoni zina masizi, watazitema. Ng'oa hizi za juu yangu."